Ukuta wa watano: Jinsi vyuo vya Marekani vinavyoteua walinzi wa mashambulizi

WAHENGA walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Ni nadra methali hiyo kuthibitika waziwazi kama inavyothibitika katika kandanda ya vyuo vikuu vya Marekani, mchezo unaowajaza mashabiki uwanjani kila Jumamosi kuanzia mwisho wa Agosti hadi Desemba.

Sifa za mchezo huo humwendea mrusha mpira na wakimbiaji wake. Magazeti huwapamba, watoto huvaa jezi zao. Lakini mbele ya nyota hao husimama vijana watano wenye miili mikubwa ambao majina yao hutajwa tu wanapokosea. Hao ndio wakingaji, na kuwateua ni miongoni mwa kazi ngumu zaidi za mkufunzi, kwani anayechagua watano walio hodari mmoja mmoja huenda akajikuta na ukuta unaobomoka.

Ili kuelewa ugumu huo, ni vyema kuanza na mchezo wenyewe. Kandanda hii haifanani na soka. Mpira hubebwa mkononi na kurushwa, na timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu, hupata majaribio mengine manne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Kila upande huwa na wachezaji 11 uwanjani, na kila timu ina kikosi kimoja cha kushambulia na kingine cha kulinda.

Wakingaji watano hujipanga mbele kabisa ya kikosi cha mashambulizi. Katikati ni yule anayeanzisha kila jaribio kwa kuupitisha mpira kati ya miguu yake hadi kwa mrushaji aliye nyuma yake. Kulia na kushoto kwake wapo wakingaji wawili wa ndani, na katika ncha zote mbili wapo wakingaji wa pembeni. Sheria haziwaruhusu kudaka mpira uliorushwa mbele kwa njia ya kawaida. Aidha, mpira unaporushwa kuvuka mstari wa kuanzia, mkingaji hapaswi kuwa amepita zaidi ya yadi 3 mbele ya mstari huo kabla haujamtoka mrushaji mkononi. Hivyo basi, wanne kati yao wanaweza kumaliza msimu mzima bila kuugusa mpira.

Mpenzi wa raga nchini Kenya huenda akawafananisha na propu na huka wanaosukumana katika skramu. Ulinganisho huo una ukweli, ila kuna tofauti moja kubwa. Katika raga, kumzuia mtu asiye na mpira ni kosa. Katika kandanda ya Marekani, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mkingaji huzuia ili mwenzake apate nafasi ya kurusha au kichochoro cha kupitia. Hata hivyo, akimshika mpinzani isivyo halali, timu yake hurudishwa nyuma yadi 10. Akitikisika kabla ya mpira kuanzishwa, huwagharimu wenzake yadi 5.

Kila nafasi ina matakwa yake. Wakingaji wa pembeni hukabiliana na wapinzani wenye kasi zaidi, kwa hivyo huhitaji mikono mirefu na miguu myepesi licha ya uzani ambao aghalabu hufikia kilo 136 na zaidi. Wa ndani huhitaji nguvu za kusukuma, kwa sababu hukutana na majitu ana kwa ana katika nafasi finyu. Naye wa kati huhitaji akili ya haraka. Yeye ndiye husoma jinsi wapinzani walivyojipanga, kisha akawaelekeza wenzake nani amkabili nani, yote hayo katika sekunde chache.

Upande nao una uzito wake. Mrushaji anayetumia mkono wa kulia hugeuza mwili kiasi kwamba hawezi kuona vyema anayemjia kutoka kushoto. Kwa sababu hiyo, mkingaji wa pembeni kushoto huhesabiwa kuwa mlinzi wa mgongo wa nahodha wa mashambulizi. Lakini hata kanuni hiyo hubadilika. Chuo Kikuu cha Alabama kilipomtegemea Tua Tagovailoa, anayerusha kwa mkono wa kushoto, katika misimu ya 2018 na 2019, aliyeulinda mgongo wake alikuwa Jedrick Wills, mkingaji wa pembeni upande wa kulia.

Safari ya kuteua watano hao huanza mapema. Kanuni za muda mrefu za vyuo zimeruhusu vipindi 15 vya mazoezi wakati wa machipuko, kisha kambi ya Agosti kabla ya mechi ya kwanza. Katika mazoezi hayo kila jaribio hunaswa kwa video. Baadaye wakufunzi huketi na kutazama kila mkingaji, hatua kwa hatua. Wengi humpima kwa maswali mawili tofauti. Je, alijua alichopaswa kufanya? Je, alifaulu kukifanya? Kijana mwenye nguvu za ajabu asiyejua wajibu wake huwa hatari kuliko mwenye nguvu za wastani anayejua, kwani kosa moja la mtu mmoja huweza kumlaza mrushaji hospitalini.

Hapo ndipo utata halisi unapoanza. Tuseme mkufunzi ana vijana watano wanaopata alama za juu kuliko wenzao wote, lakini watatu kati yao wamezoea kucheza pembeni upande wa kushoto. Je, awapange wawili katika nafasi wasizozizoea, au awaweke benchi na kuwachezesha wenye alama za chini wanaojua nafasi zao? Kuhama kutoka kushoto kwenda kulia si jambo dogo. Mguu uliokuwa nyuma sasa huwa mbele, mkono uliopiga kwanza sasa hupiga wa pili, na mwili mzima hulazimika kujifunza upya.

Wapo waliofaulu katika kuhama huko. Alex Leatherwood wa Alabama alicheza ndani upande wa kulia msimu wa 2018, akahamishiwa pembeni kushoto mwaka 2019, na mwaka 2020 akatwaa tuzo ya Outland, ambayo hutolewa kwa mchezaji bora wa safu za mbele nchini Marekani. Lakini si kila kijana ana kipawa cha aina hiyo, na mkufunzi hawezi kubahatisha mbele ya maelfu ya mashabiki.

Isitoshe, kazi kubwa ya wakingaji hufanywa na wawili wawili. Mara nyingi wawili humsukuma mpinzani mmoja kwa pamoja, kisha mmoja wao humwacha na kumkimbilia mwingine aliye nyuma. Nani atoke na nani abaki hutegemea mpinzani ameelekea wapi, na hakuna muda wa kuulizana. Vilevile, wapinzani hupenda kubadilishana njia ghafla ili kuwachanganya. Mkingaji hupaswa kumwachia jirani yake mpinzani mmoja na kumpokea mwingine, kama watu wanaopokezana mizigo gizani. Asipomwamini jirani yake, atamfuata mpinzani wake hadi mwisho na kuacha mlango wazi.

Katika viwanja vikubwa, kama ule wa Chuo Kikuu cha Michigan mjini Ann Arbor unaobeba zaidi ya watu 100,000, sauti huzama katika kelele. Timu ngeni hulazimika kutumia ishara, na pengine mkingaji wa ndani humgusa wa kati kumjulisha kuwa mrushaji yu tayari. Maelewano ya namna hiyo hayaletwi na misuli. Huletwa na mazoezi ya pamoja ya miezi mingi.

Ni kwa kutambua ukweli huo ambapo tuzo ya Joe Moore, iliyoanza kutolewa mwaka 2015, haimwendei mtu mmoja. Hupewa safu nzima ya wakingaji. Michigan iliitwaa miaka miwili mfululizo, 2021 na 2022.

Hata ukuta uliojengeka vyema huweza kupata ufa. Kwa hivyo mkufunzi mwenye busara hateui watano pekee, bali huteua pia wa sita na wa saba. Akiba haiozi. Mfano ulio wazi ulionekana Novemba 25, 2023, Michigan ilipowakaribisha mahasimu wao wa jadi, Ohio State. Timu zilikuwa sare 17-17 katika robo ya tatu wakati Zak Zinter, mkingaji wa ndani upande wa kulia na mmoja wa manahodha, alipovunjika mguu na kuondolewa uwanjani kwa gari dogo.

Kaimu mkufunzi mkuu siku hiyo alikuwa Sherrone Moore, ambaye pia ndiye aliyekuwa akiwanoa wakingaji. Hakuingiza tu mtu mmoja badala ya mwingine. Karsen Barnhart, aliyekuwa akicheza pembeni kulia, alisogezwa ndani kuchukua nafasi ya Zinter. Trente Jones, ambaye alikuwa ameanza mechi kadhaa upande huo wa pembeni msimu uliotangulia, akaingia mahali pa Barnhart. Katika jaribio lililofuata mara moja, mkimbiaji Blake Corum alichomoka yadi 22 hadi eneo la kufungia. Michigan ilishinda 30-24.

Ukuta huo uliorekebishwa ndio ulioendelea na safari. Januari 1, 2024 Michigan iliishinda Alabama 27-20 katika muda wa ziada. Wiki moja baadaye ikailaza Washington 34-13 na kutwaa ubingwa wa taifa, ilhali Washington ndiyo iliyokuwa imetuzwa tuzo ya Joe Moore ya msimu huo.

Alabama nayo ilikuwa imepitia hali kama hiyo. Desemba 2020, katika fainali ya ligi yao dhidi ya Florida, Landon Dickerson, mkingaji wao wa kati, aliumia goti. Chris Owens alichukua nafasi yake, na Januari 11, 2021 Alabama iliinyuka Ohio State 52-24 kutwaa ubingwa. Kama mkufunzi angalikuwa amewaandaa watano tu, huenda hadithi ingalikuwa nyingine.

Katika miaka ya hivi karibuni, uteuzi umeingiwa na jambo jingine, nalo ni uhamisho. Tangu mwaka 2018 mchezaji anayetaka kuhama huandikisha jina lake katika orodha maalumu, na tangu 2021 waliohama kwa mara ya kwanza waliruhusiwa kucheza mara moja bila kukaa nje msimu mmoja. Mwaka huohuo wa 2021 wanafunzi waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Kisha, kufuatia maafikiano ya kesi yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025, vyuo vilianza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja kuanzia Julai 1 mwaka huo. Kiwango cha juu kwa kila chuo, kwa michezo yote, kiliwekwa kuwa takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza.

Matokeo yake ni kwamba mkufunzi asiye na mkingaji wa kati aliyekomaa halazimiki kumsubiri chipukizi akue. Humtafuta kwingineko. Olusegun Oluwatimi alitoka Chuo Kikuu cha Virginia na kujiunga na Michigan kwa msimu wa 2022. Alitwaa tuzo ya Outland pamoja na ile ya Rimington inayomtambua mchezaji bora wa kati, na safu yake ikatajwa kuwa bora nchini. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini si kila mwenyeji hupona. Kila mgeni anayepewa nafasi humsukuma benchi kijana aliyeamka alfajiri kwa miaka miwili au mitatu akiisubiri zamu yake. Kwa miaka mingi mwanafunzi amekuwa na misimu minne tu ya kucheza. Ingawa kanuni ya mwaka 2018 ilimwezesha kucheza hadi mechi 4 katika mwaka mmoja bila kuhesabiwa msimu, muda wake bado ni mfupi. Asiyecheza haonekani na maajenti wa ligi ya kulipwa. Wengi wao hatimaye hutegemea shahada zao, na ndiyo maana ahadi anayopewa kijana na wazazi wake siku ya kusajiliwa haifai kuchukuliwa kuwa maneno matupu.

Zaidi ya hayo, pesa pekee hazijengi ukuta. Mwaka 2024 tuzo ya Joe Moore ilikwenda kwa Army, timu ya chuo cha kijeshi kilichoko West Point, jimbo la New York. Chuo hicho hakijengi kikosi chake kwa kununua wageni kila mwaka. Vijana wake huingia pamoja, huishi pamoja chini ya nidhamu ya kijeshi na hukua pamoja. Msimu huo walishinda mechi 12 na kupoteza 2, na kutwaa ubingwa wa ligi yao katika msimu wao wa kwanza humo.

Ni dhahiri basi kwamba mkufunzi hana budi kupima mambo mawili kwa mizani moja. Kwa upande mmoja ipo nguvu ya mtu binafsi, inayopimika kwa kilo, kwa sekunde na sasa kwa dola. Kwa upande mwingine upo uelewano, usiopimika kwa chombo chochote na usionunulika kwa msimu mmoja. Anayeteua vyema ni yule anayejiuliza, kabla ya kuandika jina lolote, kijana huyu atasimama kando ya nani, na je, mwenzake atamwamini mlango utakapobaki wazi?