Baiskeli ya Kasi ni Ile Isiyomchosha Mwendeshaji

Kuna dhana iliyoota mizizi miongoni mwa wanafunzi wetu wapendao mbio za baiskeli: kwamba kasi na starehe ni maadui. Hudai kwamba baiskeli ya mashindano, yenye usukani wa chini unaomlazimu mwendeshaji kuinama, ni ya mabingwa. Ile ya masafa marefu, yenye usukani ulioinuka kidogo na tairi pana, ni ya wazee. Mimi siafiki.

Sikatai kwamba kuinama kuna faida. Walimu wa fizikia watanishuhudia kuwa mwendo ukiongezeka maradufu, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne. Katika barabara tambarare, hewa ndiyo kizuizi kikubwa cha mwendeshaji, na mwili wake hukabiliana nayo kuliko baiskeli yenyewe. Hata hivyo, faida hiyo ni ya yule awezaye kudumu katika mkao huo. Anayeumwa na shingo na kiuno baada ya saa mbili atajiinua, na faida aliyoigharimia itatoweka.

Kisha kuna suala la tairi. Kwa miaka mingi mabingwa walitumia tairi za milimita 23, zikajazwa upepo hadi zikawa ngumu kama jiwe. Siku hizi wengi hutumia za milimita 28 au zaidi. Tairi ngumu ikikanyaga mawe humrusharusha mwendeshaji, na nguvu ambazo zingemsukuma mbele hupotea bure. Tairi pana yenye upepo wa kadiri huumeza mtikisiko huo.

Ushahidi uko Ufaransa, katika mashindano ya Paris–Roubaix yaliyoanza mwaka 1896, ambayo hupitia barabara nyingi zilizotandazwa mawe. Mwaka 2024, Mathieu van der Poel wa Uholanzi alishinda kwa wastani wa karibu kilomita 48 kwa saa, kasi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa hapo. Alipanda baiskeli ya mashindano, lakini akaivisha tairi pana.

Basi mwanafunzi anayedunduliza senti zake asidanganywe na majina. Aulize: barabara zangu zikoje? Mwili wangu utavumilia mkao huu kwa muda gani? Fremu hii ina nafasi ya kupitisha tairi pana? Asipouliza, atakumbuka kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni.