Neti Ikikata Sumbawanga, Usimlaumu Mwana wa Kaunta

Oya masela, zamieni steshenari yoyote ya Sumbawanga mjini kipindi cha kuomba mkopo wa HESLB. Baridi la Julai linapiga, madogo wamevaa majaketi, foleni imetoka mpaka barazani, kila mtu na bahasha ya vyeti. Mwana wa kaunta anapiga kibodi kama yuko studio. Sasa cheki ukutani: kile kiboksi chenye taa za kijani zinazochezacheza ni ruta. Kebo ya bluu imebanwa na misumari, imetambaa hadi kwenye kompyuta tatu na printa moja. Huo tayari ni mtandao wa kompyuta, kaka. Mashine zimeungwa, zinapeana mafaili, zinachangia printa na bando. Bosi hajanunua printa tatu, mpunga umebaki mfukoni.

Huo wa dukani mafundi wanauita LAN. Ukiuunga wa hapa na wa Mbeya, wa Dar na wa majuu, unapata intaneti. Fomu yako haisafiri ikiwa nzima: inakatwa vipande vidogo, kila kipande kinabandikwa anwani, ruta zinapasiana mpaka kwa HESLB, kule vinaungwa upya. Basi la Tunduma bado linaita abiria, fomu ishapokelewa. Zamani mshua angelala safarini kwa ajili ya karatasi hiyohiyo.

Ila kuna noma yake. Mikoa ya Bongo inaungwa na mkongo wa taifa ulio chini ya TTCL, nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, ulioanza kujengwa 2009. Ukifika Dar unakutana na kebo za baharini, SEACOM ya 2009 na EASSy ya 2010. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, hizo mbili zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, Bongo ikaganda. Fikiria: sisi tuko juu huku kwenye uwanda wa Ufipa, bahari wengi tunaiona kwenye simu tu, lakini waya ukikatika huko majini, msela wa Laela anayeuza mahindi kwa picha za WhatsApp naye kakwama. Halafu kuna umeme, ambao Rukwa kwa miaka mingi tumeuvuta kutoka Zambia. Ukizima, ruta ni pambo la ukutani.

Kukatika kunakera, ila kunapita. Msala mimi naouona mkubwa uko palepale kaunta. Dogo anaskani kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, na sahihi ya mdhamini, anaprinti, analipa, anasepa. Kopi zote zimebaki kwenye folda ya daunilodi na akaunti yake ya barua pepe iko wazi. Anayekaa kiti hicho baada yake anamsoma mpaka jina la bibi. Akichomeka flashi yenye kirusi, kinaweza kupita kwenye kebo ileile ya bluu kikazipiga kompyuta zote tatu. Paswedi ya waifai nayo imeandikwa kwa maka pen mlangoni, na haijabadilishwa tangu duka lifunguliwe. Wenye steshenari, hapo mnazingua.

Na wale jamaa wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanaishi kwa taarifa za hivihivi: namba yako, jina lako, mtu anayekutumia pesa.

Kwa hiyo wana, kabla hujainuka kwenye hicho kiti, toka kwenye akaunti yako, futa mafaili yako, futa na kwenye kapu la taka. Ukifika geto piga *106# ucheki laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Meseji ya tapeli usijibizane nayo, irushe 15040.