Goma–Kinshasa: juu ya nini saa za tike hazionyeshe muda wa safari?

Mfano: kwenye tike imeandikwa kutoka Goma 10:00, kufika Kinshasa 11:20. Musafiri anasoma na kusema safari ni saa moja na dakika 20. Siku ya kurudi, tike inaonyesha kutoka Kinshasa 13:00, kufika Goma 16:20. Sasa anashangaa: mbona kurudi kunachukua masaa matatu na zaidi? Ndege ni ile ile, njia ni ile ile.

Jibu ni kwamba RDC haifuate saa moja. Kivu zote mbili, Ituri, Maniema, Tshopo, Katanga na Kasai ziko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Ikiwa saa sita ya muchana hapa mashariki, Kinshasa ni saa tano. Na kwa tike, kila saa ni ya muji wake. Kwa hiyo, kuenda Kinshasa, ongeza saa moja. Kurudi, toa saa moja. Kwa tike zote mbili utapata muda ule ule: masaa mawili na dakika 20.

Na umbali? Kwa mustari unyoofu, kutoka Goma mupaka Kinshasa ni kilometa karibu 1 560. Kutoka Bunia ni karibu 1 770. Ndege ya jeti kama Airbus A320, ikiisha kupanda, inakimbia kilometa 800 hivi kwa saa. Ndege ya propela kama ATR 72 ni karibu 500. Njia ambayo jeti inamaliza kwa masaa mawili na kidogo, ingine itapitisha matatu.

Eskali nayo inakula saa. Kisangani iko karibu juu ya mustari wa Bunia–Kinshasa, kupitia pale kunaongeza kilometa kumi hivi tu. Lakini kushuka, kutosha mizigo, kuingiza watu na kupanda tena kunaweza kumaliza saa nzima ao zaidi.

Kisha njia yenyewe inaweza kukatika. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati vita vilifika mujini. Wasafiri wengi wakazunguka kwa inchi jirani. Kwa mfano: gari mupaka Kigali, kilometa karibu 160, ndege Kigali–Nairobi, karibu 760, halafu Nairobi–Kinshasa, karibu 2 400. Jumla inapita kilometa 3 300, zaidi ya mara mbili ya njia ya moja kwa moja. Tena mutu anaanza kwa kuenda mashariki, na Kinshasa iko magharibi! Kuna mupaka wa kuvuka, kungoja ndege ya pili, pengine kulala njiani. Na saa inabadilika tena: Nairobi iko mbele ya Kinshasa kwa masaa mawili.

Kwa mwenye kuitwa Kinshasa kwa ubalozi, hospitali ao mutihani, kosa la saa moja linaweza kuharibisha safari yote. Mbele ya kulipa, aulize mambo matatu: ndege ni ya aina gani? Inasimama wapi? Kati ya ndege mbili kuna masaa ngapi? Kama randevu ni ya asubui, heri afike siku ya mbele. Na jamaa wanaomungoja Kinshasa, awaambie saa ya Kinshasa, si ya Goma.