Kasumbalesa: simu inavuka mpaka mbele yetu

Bandugu bashofere ba kamio ya shaba banapanga foleni Kasumbalesa, lakini simu haipangi foleni: inashika rezo ya Zambia mbele ya mutu kuvuka. Anaita bibi yake Likasi, anawaza iko ndani ya inchi, kumbe mayunite yanakwisha kwa bei ya romingi.

Tangu mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilipatana kushusha bei ya kuitana kati yao. Kongo iliingia jumuiya yao mwaka 2022. Bandugu ba Goma bashike tumaini. Siye ba kusini jirani yetu ni Zambia, na Zambia haiko mule. Tuko nayo ndani ya SADC.

ARPTC iko tangu 2002 juu ya kusimamia makampuni ya simu. Wakati wa RAM, kukata walijua: dola 1 kwa simu ndogo, dola 7 kwa kubwa, mpaka ikaondolewa 2022. Siye wa sendika tunaomba kitu kidogo: mesaji ya bei ifike mbele ya kukata, na Kinshasa ipatane na Lusaka. Kwa sasa, kamarade, ukikaribia mpaka funga romingi, chagua rezo yako kwa mukono.