Risasi nyepesi na risasi nzito: ipi huenda mbali zaidi?

Leo tunaifuata safari ya risasi, tangu inapotoka kwenye mtutu wa bunduki hadi inapoanguka ardhini. Swali letu ni hili: kati ya risasi mbili zenye unene uleule, moja nyepesi na yenye kasi, nyingine nzito na ya polepole kidogo, ni ipi itakayofika mbali zaidi? Wengi watajibu kuwa ni ile yenye kasi. Historia ya jeshi la Marekani inatoa jibu tofauti.

Mwanzoni mwa karne ya 20 majeshi mengi yalikuwa yakitumia risasi ndefu zenye ncha butu. Ile ya Marekani ilikuwa na uzito wa gramu 14 hivi. Mwaka 1905 Ujerumani iliiacha risasi ya namna hiyo, ikachukua iliyochongoka yenye uzito wa gramu 10. Marekani ikafuata mwaka 1906 kwa risasi ya gramu 9.7, iliyotoka mtutuni kwa kasi ya mita 823 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara mbili ya kasi ya sauti.

Lau dunia isingekuwa na hewa, risasi hiyo ingeweza kuruka karibu kilomita 70. Majedwali ya jeshi yaliikadiria kufika mita 4,300 hivi. Lakini katika Vita Vikuu vya Kwanza, askari wa bunduki za rashasha walikuta kwamba risasi zao hazifiki pale walipoambiwa zingefika. Majaribio yaliyofanywa baada ya vita, ufukweni Daytona Beach katika jimbo la Florida, yalidhihirisha kuwa mwisho wake ulikuwa mita 3,100 tu, au zaidi kidogo.

Je, hewa huifanya nini risasi?

Kwanza, huizuia kwa mbele. Kitu kinachokwenda kasi kuliko sauti huibana hewa iliyo mbele yake na kuzusha mawimbi ya mshtuko, mfano wa mawimbi yanayotanuka kutoka kwenye omo ya boti. Ncha iliyochongoka huipasua hewa kwa urahisi, ilhali ncha butu huisukuma.

Pili, hewa huivuta risasi kwa nyuma. Kitako kilichokatwa bapa huacha nyuma yake nafasi yenye hewa hafifu, na nafasi hiyo huirudisha risasi nyuma. Kitako kikipunguzwa unene taratibu, kama tezi ya chombo cha baharini, mvuto huo hupungua. Risasi ingali na kasi kubwa, ncha ndiyo yenye kauli. Kasi ikishuka kukaribia ile ya sauti, umbo la kitako ndilo linaloleta tofauti kubwa.

Tatu ni suala la uzito. Chukua chungwa na mpira wa sponji wenye ukubwa uleule, kisha uvirushe kwa kasi moja. Hewa huvizuia vyote viwili kwa nguvu iliyo karibu sawa, lakini mpira husimama upesi ilhali chungwa huendelea mbele. Ndivyo ilivyo kwa risasi. Ile nzito haiponyoki mkinzo wa hewa, bali huupoteza mwendo wake polepole zaidi.

Namna ya kuongeza uzito bila kuongeza unene ni kuirefusha risasi. Hapo huzuka tatizo jingine, kwani kitu kirefu kilichochongoka hupenda kupinduka angani. Kwa sababu hiyo ndani ya mtutu huchongwa mifereji inayojipinda, nayo huifanya risasi izunguke kama pia. Ile ya mwaka 1906 ilizunguka zaidi ya mara 3,000 kwa sekunde. Kadiri risasi inavyorefushwa, ndivyo inavyohitaji mzunguko wa kasi zaidi ili isiyumbe.

Kwa maarifa hayo, jeshi la Marekani liliidhinisha risasi mpya katikati ya miaka ya 1920. Ilikuwa na gramu 11.3, na kitako kilichosinyaa. Ilitoka mtutuni kwa mita 805 kwa sekunde, pungufu kidogo kuliko ile ya zamani. Hata hivyo, ilifika takriban kilomita 5.

Hapo ndipo mafanikio yalipogeuka kuwa mashaka. Viwanja vingi vya kujifunzia shabaha vilikuwa vimepimwa kwa risasi ya kilomita tatu. Risasi mpya ilipoanza kutumika kwa wingi katika miaka ya 1930, ilibainika kuwa inaweza kuvuka mipaka ya viwanja hivyo na kuangukia maeneo yasiyo ya jeshi. Ongezeko lisilofika gramu mbili, pamoja na kitako kilichochongwa upya, lilikuwa limerefusha eneo la hatari kwa karibu kilomita mbili. Kabla Marekani haijaingia Vita Vikuu vya Pili mwaka 1941, jeshi lilikuwa limekwisha kurejea kwenye risasi nyepesi ya gramu 9.8, yenye kitako bapa.

Kanuni hizo hizo huitawala risasi inayopigwa juu angani. Karibu mwaka 1920 afisa wa jeshi la Marekani, Julian Hatcher, alishiriki majaribio karibu na Miami, ambapo zaidi ya risasi 500 zilipigwa wima kutoka kwenye jukwaa lililowekwa majini. Ni nne tu zilizorudi na kuliangukia jukwaa hilo. Zilirejea kwa kasi ya mita 90 hivi kwa sekunde, kwa maana hewa ilikuwa imezinyang'anya sehemu kubwa ya mwendo. Risasi nzito zaidi huanguka kwa kasi kubwa zaidi. Na iliyopigwa kwa mshazari hatari yake huzidi, kwa sababu hubaki imetanguliza ncha na kuhifadhi mwendo wake.

Mita 90 kwa sekunde ni kasi ndogo kwa risasi, lakini yatosha kutoboa fuvu la kichwa. Katika kisiwa cha Puerto Rico, usiku wa kuukaribisha mwaka 2004, watu 19 walijeruhiwa kwa risasi zinazoaminika kuwa za kusherehekea, na mmoja wao akafariki dunia.

Msikilizaji, wapo ambao hadi leo hupiga risasi hewani arusini na katika sherehe za ushindi, wakidhani kwamba zinapotelea mawinguni. Wahenga walisema, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Risasi nayo, iwe nyepesi au nzito, butu au iliyochongoka, haina budi kurudi ardhini, na mpigaji hawezi kujua itamwangukia nani.