Mfumo wa Kompyuta Uliozaliwa Baada ya Kuacha Dawa za Kulevya



Kamati zinazowahudumia vijana waliotoka katika nyumba za upataji nafuu zinalifahamu vizuri swali hili: kijana amemaliza programu, amerudi nyumbani, je, siku yake ataijaza na nini? Katika toleo hili tumeona ni vema tuwaeleze habari za mtu mmoja aliyelijibu swali hilo kwa namna ambayo wengi wetu tusingeifikiria. Alianza kutengeneza mfumo endeshi wa kompyuta, akiuandika mwenyewe tangu mstari wa kwanza, na akauita SerenityOS, yaani mfumo wa utulivu.

Kwa wasomaji ambao kompyuta ya ofisi wamemwachia katibu, tueleze kwanza mfumo endeshi ni kitu gani. Ni ile programu kuu inayoamka pindi mashine inapowashwa, kisha ikasimamia kumbukumbu, diski, kibodi na skrini, na kuzigawia programu nyingine zamu ya kufanya kazi. Windows ni mmojawapo. Mwaka 1969 watafiti wa maabara za Bell huko Marekani walianzisha mfumo ulioitwa Unix, na mpangilio wake umeigwa na mingi iliyofuata. Unaojulikana zaidi kati ya hiyo ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi nchini Ufini. Linux ni programu huria: yeyote anaweza kusoma maandishi yake ya ndani, kuyarekebisha na kumpa mwenzake bila kuvunja sheria. Baadhi yenu mtakumbuka mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. SerenityOS nao ni wa ukoo huo, ila ni mdogo na wanaoufahamu ni wachache.

Mwanzilishi wake ni Andreas Kling, mtaalamu wa programu kutoka Uswidi. Hakuwa mgeni wa kazi hii. Aliwahi kuajiriwa na Nokia na baadaye Apple, akishughulikia sehemu za ndani za vivinjari, zile programu tunazotumia kufungulia kurasa za intaneti. Mwaka 2018 alimaliza programu ya kuacha dawa za kulevya. Yeye mwenyewe amelieleza jambo hili hadharani mara nyingi, bila kuona haya: alijikuta ana muda mwingi, na yale mazoea ya zamani yaliyokuwa yakiujaza hayapo tena. Akarudia kitu alichokipenda tangu utotoni. Mwezi Oktoba mwaka huohuo kazi ikaanza.

Jina halikuchaguliwa kwa kupendeza masikio. Limetoka kwenye Sala ya Utulivu, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa ya mwanateolojia Reinhold Niebuhr wa Marekani. Vikundi vya Alcoholics Anonymous viliipokea tangu miaka ya 1940, na leo inasemwa katika mikutano ya watu wanaoacha pombe na dawa za kulevya katika nchi nyingi, za kwetu zikiwemo. Kling amesema alitaka jina litakalomkumbusha njia aliyoichagua. Kila alipoifungua kazi yake, jina lilikuwa pale.

Na kazi yenyewe ilikuwa kubwa. Mtu anayetaka mfumo wa aina hii kwa kawaida huchukua vipande vilivyokwisha kutengenezwa na wengine, akaviunganisha. Yeye aliamua kuandika kila kitu upya: kiini cha mfumo, programu ya kuchora madirisha, kidhibiti mafaili, kihariri maandishi, hata michezo ya karata. Sura yake ni ya kompyuta za miaka ya 1990, madirisha ya kijivu na vitufe vilivyoinuka kidogo. Aliyejifunza kuchapa barua kwa Windows 98 katika ofisi ya parokia atajiona yuko nyumbani.

Tungependa tukae kidogo hapa, maana hapa ndipo penye jambo la kamati zetu. Kazi ya namna hii haimalizwi kwa juma moja, lakini inagawanyika katika vipande vidogo. Leo kitufe hakibonyezeki, jioni kinabonyezeka. Kesho herufi zinakaa vibaya, keshokutwa zimenyooka. Mtu anaona tunda la siku yake kabla hajalala. Tena Kling alikuwa akijirekodi akiandika programu na kuzitoa video hizo YouTube, kwa hiyo wapo waliomsubiri, na ambao wangegundua kama angetoweka. Wengine wakaanza kuleta michango yao, hadi wakafikia mamia. Kwa maoni yetu, kuonekana na kusubiriwa kulikuwa na thamani sawa na ile programu. Hatusemi kwamba kompyuta inaponya uraibu, wala kwamba kila kijana apewe moja. Kling alikuwa na ufundi huu kabla ya kuugua. Kwa mwingine itakuwa cherehani, useremala au bustani ya mboga.

Msiuweke mfumo huu kwenye kompyuta ya mhasibu wa parokia! Haukukusudiwa kwa kazi hiyo, na wenyewe wanalisema wazi. Hakuna diski iliyo tayari kusakinishwa. Anayeutaka hupakua maandishi ya programu, huujenga mwenyewe kwa kutumia kompyuta nyingine, mara nyingi yenye Linux, kisha huuendesha ndani ya programu inayoigiza kompyuta. Kwa ofisi, Linux ya kawaida inatosha kabisa.

Sasa tugeukie upande wa wafadhili. Miaka ya mwanzo Kling aliifanya kazi hii kwa saa zake za ziada. Watu wa kawaida wakaanza kumtumia michango midogo kila mwezi, ikaongezeka, na mwezi Mei 2021 akaacha ajira ili aishughulikie muda wote. Ndani ya mfumo huo kulikuwa na kivinjari kilichopewa jina Ladybird. Kikakua kupita mama yake. Mwezi Juni 2024 Kling aliacha uongozi wa SerenityOS, akawaachia wanaojitolea, ili ashughulikie kivinjari peke yake. Mwezi Julai likatangazwa shirika lisilo la faida la kukisimamia, aliloanzisha pamoja na Chris Wanstrath, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, ambaye yeye na familia yake waliahidi dola milioni 1.

Vivinjari vingi vinavyotumika leo vimejengwa juu ya kazi ya Google, au wenye navyo hulipwa na Google ili watumiaji wapelekwe kwenye huduma yake ya kutafuta habari. Shirika la Ladybird liliamua kutopokea fedha za namna hiyo. Linapokea michango isiyo na masharti tu, na limeandika wazi kwamba viti vya bodi haviuzwi, hata kwa aliyetoa nyingi kuliko wote.