KINGA YA MWILI NA SARATANI YA MLANGO WA KIZAZI

Leo tutazungumzia saratani ya mlango wa kizazi, na hasa jinsi mwili unavyopigana na virusi vinavyoileta.

Karibu visa vyote vya saratani hii huletwa na virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Viko vya aina nyingi, lakini aina ya 16 na ya 18 ndizo husababisha visa 7 hivi katika kila 10. Mtaalamu wa Ujerumani, Harald zur Hausen, aliyegundua uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Wanawake wengi hupata HPV wakati fulani maishani, lakini wengi wao hawapati saratani. Kwa nini? Kwa sababu kinga ya mwili huviondoa virusi hivyo, mara nyingi katika muda wa miaka 2.

Kinga hufanyaje kazi hiyo? Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Chembe ya mwili ikivamiwa na virusi hupiga mbiu kwa kutoa kemikali ziitwazo saitokini. Hizi ni wajumbe. Mjumbe mmoja ni intaferoni. Huziambia chembe za jirani zijikinge, na huwaamsha askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu. Wako pia wajumbe wa kuwatuliza askari vita vikiisha, ili wasiuumize mwili wenyewe.

Lakini HPV ni kama mwizi anayenyata. Virusi hivi hukaa kwenye utando wa mlango wa kizazi bila kuingia katika damu. Hutengeneza protini zinazomziba mdomo intaferoni, na zinazoondoa breki za chembe ili ianze kuzaana ovyo. Saratani ikishaota, huwatumia wale wajumbe wa kutuliza kwa faida yake. Askari hufika, wakasimama tu.

Je, haya yana maana gani kwako, mama? Kwa kuwa mbiu hailii, hutasikia homa wala maumivu mapema. Usingoje dalili. Nenda ukapimwe ukiwa mzima. Na ukitokwa na damu baada ya kujamiiana au baada ya kukoma hedhi, muone daktari mara moja.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

Swali: Ninaishi na virusi vya Ukimwi. Je, niko hatarini zaidi?
Jibu: Ndiyo, mara 6 hivi. Virusi vya Ukimwi huua chembe za CD4, ambazo hutuma na kupokea ujumbe huo wa kinga. Kwa kawaida saratani hii huchukua miaka 15 hadi 20 kutokea. Kinga ikiwa dhaifu, miaka 5 hadi 10. Meza dawa zako bila kukosa. Shirika la Afya Duniani linashauri uanze kupimwa ukiwa na miaka 25, na wanawake wengine wakiwa na miaka 30.

Swali: Hupimwa vipi?
Jibu: Muuguzi anaweza kupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi. Sehemu iliyoanza kubadilika hugeuka nyeupe, na hutibiwa kabla haijawa saratani. Kuna pia kipimo cha kutafuta HPV yenyewe.

Swali: Je, mitishamba ya kuongeza kinga inaweza kuondoa HPV?
Jibu: Hakuna iliyothibitishwa. Linalosaidia ni kuacha sigara, maana moshi wake hudhoofisha kinga ya mlango wa kizazi.

Swali: Na binti yangu?
Jibu: Mpeleke akachanjwe. Kenya ilianza kutoa chanjo hii kwa wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019. Chanjo huwaonyesha askari sura ya mwizi kabla hajafika. Haina virusi hai, wala haimzuii msichana kuzaa baadaye. Lakini haiwaponyi walioambukizwa tayari, kwa hivyo hutolewa mapema.

KUMBUKA: Binti achanjwe, mama apimwe.